Msitupigie Makofi Bure: Bawa la Umusambi na Ukweli wa Picha Zetu

Tunaandika haya tukiwa na hasira kidogo. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Miezi miwili iliyopita mwenzetu mmoja alileta picha kwenye kikao chetu cha Jumamosi hapa Nyamirambo, kwenye kile chumba cha nyuma ya duka ambacho wengi wenu mnakijua. Ilikuwa picha ya umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Ndege amesimama kwenye majani, jua la asubuhi liko nyuma yake, mabawa yote mawili yamefunguliwa kama mtu anayetaka kukumbatia. Chumba kizima kikasema "wah!" Mgeni wetu siku hiyo, mfanyakazi wa shirika moja, alisimama akapiga makofi. Akasema picha ile itaingia kwenye kalenda yao ya mwaka na mwenye picha atapewa faranga 60,000. Makofi yakazidi.

Ndipo mdogo wetu wa miaka 12, ambaye tukisema kweli huja kwa ajili ya chai na mandazi, akauliza: "Yaya, si ulisema ndege wa kule bawa lao lilikatwa? Sasa hili lingine limetoka wapi?"

Kimya.

Lilitoka kwenye simu. Mwenzetu alinakili bawa zima, akaligeuza, akalibandika upande ule wenye kasoro, halafu programu ya akili mnemba ikamjazia manyoya yaliyopungua. Kazi safi kabisa. Usingejua.

Mgeni akatabasamu akasema: "Muacheni tu, ni sanaa. Msimvunje moyo, amepitia mengi."

Hayo maneno mawili, "amepitia mengi", ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Kwanza, yule ndege

Wengine wenu hamjui habari ya umusambi, basi tueleze. Kwa miaka mingi hapa Rwanda watu wenye uwezo walipenda kuwaweka korongo hawa kwenye bustani za nyumba na za hoteli, kama pambo. Ili ndege asiruke, manyoya ya bawa hukatwa, au bawa lenyewe huvunjwa. Rwanda Wildlife Conservation Association, shirika lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, lilianza kuwaorodhesha na kuwatoa huko. Ndege zaidi ya 200 walitolewa kwenye kifungo cha bustani. Waliokuwa bado wana uwezo wa kuruka walipelekwa Mbuga ya Akagera. Ambao bawa lao halitapona tena wanaishi Umusambi Village, upande wa mashariki wa Kigali, kwenye eneo la majimaji lililorudishwa uhai. Mwaka 2017 walipohesabiwa nchi nzima, korongo taji wa porini walikuwa 487. Miaka michache baadaye idadi ilipita 1,000.

Sasa angalieni. Ndege yule hana bawa zima kwa sababu kuna mtu aliyetaka awe mzuri. Alikatwa ili apendeze kwenye bustani. Na sisi, miaka baadaye, tumemkuta akiwa hivyo, tukamfanyia jambo lile lile: tumemtengeneza ili apendeze kwenye kalenda. Tumefuta ushahidi. Anayeiangalia ile picha atadhani umusambi wa Kigali wako sawa, wanaruka tu, hakuna shida. Kazi ya miaka yote ya wale waliowatoa kifungoni imefutwa na kidole kimoja kwenye kioo cha simu.

Na mtu mzima aliyesoma akasema ni sanaa.

Sisi ndio tungepaswa kujua zaidi

Tuseme wazi: sisi ni watu ambao tumepigwa picha sana. Tumepigwa picha tukishuka kwenye lori, tukiwa kwenye foleni ya maji, tukiwa tumeshika sahani. Wengi wetu tumekua tukiwaona watoto tunaowajua kwenye mabango, wakiwa wamekatwa pembeni ili mama aliyewashika mkono asionekane, kwa sababu mtoto akiwa peke yake anachangiwa pesa nyingi. Tunajua ladha ya kuhaririwa na mtu mwingine.

Kuna picha moja ambayo kila anayeshika kamera Afrika lazima aijue, nayo ina ndege ndani yake. Machi 1993, Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alikuwa Ayod, Sudan ya wakati ule. Alipiga picha ya mtoto mdogo aliyeinama chini kwa njaa, na nyuma yake tai anamtazama. New York Times waliichapa tarehe 26 mwezi ule ule. Wasomaji waliandika kwa wingi kuuliza mtoto yule alifikia wapi. Mwaka 1994 picha ikapata tuzo ya Pulitzer. Ni picha yenye nguvu, na njaa ilikuwa ya kweli. Hatumshitaki mtu aliyekwisha kufa. Lakini fremu ilikuwa na watu wawili tu, mtoto na ndege. Kituo cha kugawia chakula kilikuwa karibu, nje ya fremu. Mtoto alikuwa na utepe wa kituo mkononi, na ukiangalia vizuri unauona. Dunia nzima ikajua mtoto mpweke na tai. Hakuna kilichobandikwa pale, wala hakuna kilichofutwa. Kuchagua pa kusimama na pa kukata kulitosha.

Kama fremu peke yake inaweza kufanya hivyo, je, kidole kinachobandika bawa?

Kwa hiyo tunapochukua kamera, hata kwa ndege tu, tunachukua mamlaka ambayo tumeyalalamikia miaka yote. Ndege hawezi kutuandikia barua. Hawezi kusema "mimi siko hivyo". Kipimo cha heshima yetu ndicho hicho hicho.

Hatusemi watu wasihariri

Tunasikia mmoja wenu akisema: "Basi mnataka picha ghafi, isiguswe?" Hapana. Picha ghafi nayo inadanganya. Simu haioni kama jicho. Kunguru wa Nyamirambo ni mweusi mwenye kifua cheupe, mnamjua, yule anayeiba mandazi. Ukimpiga bila kufikiri, simu inapima ule weusi, inaongeza mwanga, na kifua kinaungua kinakuwa karatasi nyeupe bila unyoya hata mmoja. Huo nao ni uongo, kwa kuwa kunguru ana manyoya kifuani. Kuhariri vizuri ni kumrudishia kunguru kifua chake.

Sasa tuseme tunachofanya, kwa sababu wengi mnatuuliza na hatujawahi kuandika mahali pamoja.

Kazi inaanza kabla ya kuhariri. Kwa kunguru, au kwa yangeyange kule kwenye majimaji ya Nyandungu, weka kidole kwenye sehemu nyeupe ya ndege kwenye kioo, halafu vuta mwanga ushuke kidogo. Sehemu ya giza unaweza kuifungua baadaye. Nyeupe iliyoungua hairudi, hata ulipie programu ya bei gani, kwa sababu hakuna kitu kilichoandikwa pale. Kama simu au kamera inaruhusu faili ghafi, tumia faili ghafi. Inabeba habari nyingi zaidi ya JPEG.

Mwewe anayeshuka kwenye moshi wa nyama choma za Biryogo anahitaji shata ya haraka, 1/2000 ya sekunde kama mwanga unatosha. Ukiweka 1/200 bawa litakuwa moshi. Na jicho. Jicho la ndege lisipokuwa kali, picha imekufa. Hakuna kunoa kunakofufua jicho lililokosa fokasi. Ifute, usiione huruma. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka msitu wa Mlima Kigali na picha 340. Alizileta zote. Tulimrudisha nyumbani akachague 10. Alikasirika wiki nzima. Siku hizi yeye ndiye mkali kuliko wote.

Halafu kukata. Kata ili kuondoa tawi linalosumbua pembeni, na muachie ndege nafasi upande anaoangalia. Ndege aliyebanwa mdomo ukutani anaonekana kama yuko gerezani. Lakini kumbukeni hesabu: ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na robo. Picha ya megapikseli 12 inabaki na 3. Kwenye simu itaonekana nzuri, ukiichapa ukutani inakuwa matofali. Dawa ya ndege mdogo kwenye picha ni kusogea karibu polepole, au kukaa chini na kungoja yeye asogee.

Halafu rangi. Hapa ndipo tunaumizana. Jioni za Nyamirambo mwanga unapiga kwenye mabati na kila kitu kinakuwa cha machungwa. Kurekebisha mizani ya weupe mpaka yangeyange awe mweupe tena ni haki. Lakini kuchukua kile kitelezi cha kukoleza rangi na kukisukuma mpaka mwisho, hapo umetengeneza pipi. Na rangi ina kazi. Wale ndege wafumaji wa njano wanaojenga kwenye miti ya barabarani, ukiwaangalia haraka utasema ni wa aina moja. Lakini kuna aina ambayo dume lake lina jicho jekundu, na kuna nyingine yenye jicho la njano hafifu. Jicho ndilo linalosaidia kusema huyu ni nani. Rwanda ina takriban aina 700 za ndege, na watu wanaoziorodhesha kwenye eBird na iNaturalist wanategemea picha kama zetu. Mwenzetu alimwekea ndege jicho la rangi ya asali "kwa sababu linang'aa", na wataalamu wakabishana siku tatu juu ya ndege ambaye hayupo duniani.

Mwisho ni kunoa na kuondoa chenga. Ukinoa kupita kiasi, ndege anapata ukanda mweupe kuzunguka mwili kama malaika wa kadi ya Noeli. Ukiondoa chenga kupita kiasi, manyoya yanakuwa plastiki. Fanya kidogo, acha picha ilale usiku mmoja, ifungue tena asubuhi. Karibu kila mara asubuhi utarudisha nyuma nusu ya uliyoyafanya usiku.

Mstari uko wapi? Hatukuubuni sisi. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayosimamiwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, yanaruhusu kukata, kurekebisha mwanga na kontrasti, kunoa, kufuta vumbi lililokuwa kwenye lenzi. Hayaruhusu kuongeza wala kuondoa vitu, wanyama, au sehemu za wanyama. Mwaka 2018 waliiondoa picha iliyokuwa imeshinda, kwa sababu waligundua mnyama aliyemo, mla mchwa mkubwa, alikuwa karibu hakika ni wa kukaushwa na kujazwa. Mshindi alinyang'anywa ushindi wake, na hakuna aliyesema "amepitia mengi".

Bawa ni sehemu ya mnyama. Hakuna mjadala mrefu hapo.

Sasa tuje kwa makofi

Ndugu zetu wa mashirika, tunawapenda. Wengine wenu mmekaa nasi mpaka saa tano za usiku mkitufundisha kuandika barua ya kazi. Lakini kuna kitu mnatufanyia na hamkioni.

Mnapoangalia picha ya kijana wa kawaida mnasema "mwanga hauko sawa". Mnapoangalia picha ya mukimbizi mnasema "wow, inspiring!" Mnapiga makofi hata kabla picha haijafunguka yote kwenye kioo. Picha mbovu, makofi. Picha nzuri, makofi yale yale. Sasa sisi tutajuaje ipi ni ipi?

Wazee walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tunaongeza: mgema huyo akiwa mkimbizi, atasifiwa hata akileta maji matupu.

Mtasema makofi hayana madhara. Yana madhara. Mwenzetu mwingine, kaka mwenye kipaji kabisa, alisifiwa miaka miwili. Kila picha yake "kali", kila picha moto-moto-moto kwenye simu. Mwaka jana akapata harusi ya kwanza ya kulipwa, watu wa mjini, si watu wa kikundi. Akapiga, akahariri kama alivyozoea kuhariri machweo yake, akapeleka. Nyuso zote za machungwa. Gauni la bibi harusi limeungua, halina hata mkunjo. Familia ilikataa kulipa nusu iliyobaki. Walimwambia maneno tusiyoweza kuyaandika hapa. Akarudi kwetu akauliza swali moja tu: "Kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemwona akikosea miaka miwili. Tulinyamaza kwa upendo. Upendo huo ulimgharimu nusu ya malipo na jina lake kwa watu wale.

Mteja wa mjini hana bajeti ya huruma. Mhariri wa gazeti hatakuuliza ulitoka Masisi au Bujumbura. Watalii wanaokwenda Nyungwe kuangalia ndege wanamlipa kijana anayejua tofauti ya jicho jekundu na jicho la njano. Kama mnataka tusimame siku moja bila mradi wenu, basi mtuambie ukweli wakati mradi wenu bado upo, wakati kukosea hakutugharimu kodi ya nyumba.

"Lakini wamekataliwa sana"

Tunajua hoja yenu nzuri kuliko zote, tuiseme wenyewe. Mnasema: hawa vijana wamekataliwa maisha yao yote. Dosye imekataliwa, shule imekataa cheti cha kule, mwenye nyumba amekataa kupangisha. Je, na Jumamosi moja ya furaha nayo tuwakatae?

Hoja hii ina uzito. Wako kati yetu ambao wakisikia "hapana" mwili unatetemeka. Tumewaona. Hatuicheki hoja hii.

Lakini kaeni na swali hili kidogo. Ni kitu gani kinachouma kwenye ile barua ya kukataliwa? Wengi wetu tumeisoma. Kinachouma ni kwamba haisemi kwa nini. Mstari mmoja, muhuri, kwaheri. Huwezi kurekebisha kitu ambacho hujaambiwa. Unarudi nyumbani unajilaumu kwa kila kitu, hata kwa jina lako.

Sasa makofi bila sababu ni ndugu wa barua ile. Nayo haisemi kwa nini. Zote mbili zinakuacha pale pale ulipokuwa, moja inakuacha ukilia, nyingine inakuacha ukicheka. Tunachoomba ni sababu. Mtu anayekaa dakika 20 na picha yako, akakuonyesha ni wapi manyoya yameungua na kwa nini, amekupa kitu ambacho ofisi nyingi hazijawahi kukupa: amekuchukulia kama mtu anayeweza kufanya vizuri zaidi.

Na sisi wenyewe tusijifiche

Tungekuwa wanafiki tukiwalaumu wageni peke yao. Kuna wenzetu hapa ambao wanadhani kukosoa ni kuchinja. "Hii takataka gani?" Halafu kicheko. Dada mmoja aliacha kuja mwezi mzima kwa sababu ya sentensi kama hiyo, na aliyeisema hakuwa na picha hata moja ya kuonyesha siku ile. Huo si ukweli, ni uonevu uliovaa shati la ukweli. Na wengine tunakosoa kwa wivu, kwa sababu mwenzetu amepata kamera ya mkono wa pili yenye lenzi ya milimita 300 na sisi bado tuko kwenye simu iliyopasuka kioo.

Kwa hiyo tangu siku ya umusambi tumeweka taratibu. Zimeandikwa kwenye karatasi ukutani, na mgeni naye anazifuata:

1. Picha mbili zinaonyeshwa pamoja, ya asili na iliyohaririwa. Bila ya asili, hatuijadili.
2. Dakika moja ya kimya. Mnaangalia tu. Simu mfukoni.
3. Kwanza sema unachokiona, kabla ya unachokifikiri. "Naona ndege katikati, naona tawi mbele ya mguu." Utashangaa watu wangapi hawajaona tawi.
4. Neno "kali" na neno "mbaya" hayaruhusiwi bila "kwa sababu".
5. Taja kitu kimoja kinachofanya kazi, kimoja kinachoiumiza picha, na kimoja cha kujaribu wiki ijayo. Kimoja. Mtu akibebeshwa makosa 11 kwa siku moja hatarekebisha hata moja.
6. Tunasema juu ya picha, hatusemi juu ya mtu. Wala hatutaji alikotoka wala alichopitia, hata kwa kumsifu.
7. Mwenye picha anasema mwisho, na ana haki ya kukataa ushauri. Picha ni yake.
8. Kama umeongeza au umeondoa kitu, unasema mwenyewe kabla hujaulizwa. Ukitaka kutengeneza picha ya kubuni, tengeneza, tutaifurahia, ila iandikwe hivyo.

Kuna na kanuni moja ya ndege wenyewe, ambayo haihitaji mjadala: hakuna picha inayostahili kiota kuvurugwa. Ukilazimika kukata matawi ili uone makinda, umekuja kama mwewe, na mwewe angalau ana njaa.

Ile picha ilifikia wapi

Mnataka kujua. Tuwaambie bila kuipamba.

Mwenzetu alirudi kwenye picha ya asili. Tuliihariri pamoja, Jumamosi mbili. Tulishusha mwanga wa nyuma ili taji lisipotee kwenye jua, maana zile nyuzi za dhahabu zilikuwa zimeyeyuka angani. Tulifungua kivuli kidogo upande wa shingo. Tulikata upande wa kulia ambako kulikuwa na kipande cha uzio, halafu tukabishana karibu saa nzima, kwa sababu mmoja wetu alisema uzio ule ni sehemu ya ukweli, ndege yule anaishi ndani ya eneo lililozungushiwa. Tukarudisha uzio. Bawa tuliliacha lilivyo: upande mmoja umefunguka wote, upande mwingine unaishia ghafla, kama sentensi ambayo mtu ameikatiza. Na bado ndege amenyoosha yote mawili. Hilo hatukuliona mwanzoni, kwa sababu bawa la bandia lilikuwa limelifunika. Ndege mwenye nusu ya bawa bado analinyoosha kila asubuhi. Hiyo ndiyo picha, na ilikuwepo tangu mwanzo.

Mwenzetu akaipeleka kwenye shirika pamoja na barua fupi ya kueleza kuwa ile ya kwanza ilikuwa ya kubandika. Jibu lilikuja kwa adabu. Walisema hii mpya "ina huzuni kidogo kwa kalenda". Hawakuichukua. Faranga 60,000 zikaenda na maji.

Hatutasema pesa si kitu. Kwa mwenzetu zile zilikuwa pesa za nyumba, na mwezi ule alikopa. Wako wenzetu waliomwambia usoni: "Wewe mujinga, ungenyamaza tu." Labda baadhi yenu mnaosoma mnafikiri hivyo hivyo. Sisi wenyewe hatukukubaliana wote. Alipoulizwa kwa nini alifanya vile, alisema: "Yule mutoto aliuliza bawa limetoka wapi. Ningekula ile pesa, ningemujibu nini?"

Picha imechapwa kwa ukubwa wa karatasi mbili, imebandikwa ukutani karibu na zile taratibu. Mje muione. Na mkija, ninyi wa mashirika na ninyi wenzetu, tunaomba kitu kimoja mlangoni: acheni makofi nje na viatu. Ingieni, kaeni dakika moja kimya, halafu mtuambie mnachokiona.

Jumamosi, saa nane mchana. Chai ipo, mandazi yapo kama kunguru hajayawahi. Leteni picha mbili, ya asili na ya mwisho.